Mwili ni Hekalu: Mbona Huu Mstari Hutupiwa Madem Pekee?

Ukienda Toi Jumamosi, hapo kati ya Makina na Adams, ukingoje bale ifunguliwe ndio upate kamera kabla ya wengine, utaskia hii: dem ameshika minisketi, msee hapo kando anamshow, "Sistee, mwili ni hekalu." Chali anayepunguziwa jinzi imeraruka magoti? Haambiwi kitu.

Wacha tuchambue huu mstari, juu wengi huurusha bila kuusoma.

Unatoka Wakorintho wa Kwanza, sura ya 6, pale mwisho. Paulo aliandika hiyo barua miaka ya 50 hivi baada ya Kristo, akiwa Efeso. Korintho ilikuwa tao ya bandari mbili: mabaharia, biashara, doo inazunguka. Wasee fulani wa kanisa la huko walikuwa na hoja yao, eti mwili ni kitu ya kupita tu, kwa hivyo ufanyie chenye unataka. Na wenye Paulo anachomea hapo ni wanaume. Wanaume wa kuenda kwa makahaba halafu wanarudi ibada wakiwa sawa tu. Anza mstari wa 12 ujionee. Sketi haijatajwa hiyo sura yote. Ukitaka mavazi, enda Timotheo wa Kwanza sura ya 2, na hata huko kesi ni dhahabu, lulu na nguo za bei kali. Mtumba wa soo umeponea.

Kuna kitu ingine hupitwa haraka: bei. Paulo anawaambia wamenunuliwa. Sisi wa Toi tunaskia hiyo tukifikiria nguo, lakini Korintho watu wenyewe walikuwa wanauzwa, na wengine hapo kanisani walikuwa watumwa. Hebu fikiria mwili wako ni mali ya bosi, anaupiga na kuutumia vile anataka, halafu uskie kwamba Mungu anaishi ndani yake. Hiyo haikuwa vitisho. Ilikuwa heshima yenye hawakuwa wamewahi kupewa na mtu.

Sasa kuja Nairobi, Novemba 2014. Wanaume walimvua mwanamke nguo kwa stage mchana, wakidai amevaa vibaya. Tarehe 17 watu wakajaa tao na maandamano ya My Dress My Choice, na kabla mwaka uishe kumvua mtu nguo hivyo kukaandikwa kwa sheria kama kosa. Kama mwili ni hekalu, aliyelivunja siku hiyo si mwenye sketi.

Mimi naona hata tukiacha mambo ya nguo, bado kuna kazi. Krimu za kujichubua zenye zebaki zimepigwa marufuku Kenya, lakini kuna watu bado wanajipaka, juu wameaminishwa rangi yenye Mungu aliwapea haitoshi. Hiyo husikii ikihubiriwa sana. Na kuna yule chali wa kubeba bale, kilo 45 mgongoni, safari baada ya safari, asubuhi anameza dawa ya maumivu na chai ya rangi ndio aanze tena. Yeye hakuna mtu humwambia, "Buda, mwili ni hekalu, enda ulale."