Krismasi ya Theluji Ilitoka Wapi

Kila ifikapo Desemba, picha za Krismasi ya milimani huanza kuzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Nyumba za mbao, paa limelemewa na theluji, watoto wamevaa kofia za sufu, walimu wa ski wanashuka mlima usiku wakiwa na mienge. Ndugu walioko Moshi au Nakuru huamini kuwa huo ni utamaduni wa kale wa wenyeji wa milima hiyo. Sivyo. Krismasi ya hotelini kwenye milima ya Alps haijafikisha hata karne mbili, na kijiji kinachodai kuwa chimbuko lake ni St. Moritz, katika bonde la Engadin, kusini mashariki mwa Uswisi.

Kijiji hicho kiko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa Kilimanjaro, huo ni urefu unaokaribiana na lango la Marangu, ambako miti husitawi mwaka mzima na migomba haiko mbali. Engadin haiko karibu na ikweta. Ziwa lake huganda wakati wa baridi, na zamani baridi hiyo ilikuwa na maana moja tu: njaa. Shamba halikutoa chakula cha kutosha, kwa hiyo vijana waliondoka. Kwa vizazi kadhaa watu wa Engadin na mabonde jirani walihamia miji ya mbali, hasa Venice, wakafanya kazi ya kuoka keki na kutengeneza peremende. Mwaka 1766 Venice iliwafukuza, nao wakatawanyika kwenye miji mingine ya Ulaya. Waliofanikiwa walirudi na kujenga nyumba kubwa zenye kuta nene zilizopambwa kwa michoro, na nyumba hizo bado zimesimama vijijini. Mimi kila nikizipita nawaona watu wa kwetu: miaka ya ugenini, kisha nyumba nyumbani.

Hata sikukuu yao kubwa ya majira ya baridi haikuwa Krismasi. Ilikuwa, na bado ni, Chalandamarz, tarehe 1 Machi, watoto wanapozunguka kijiji wakipiga kengele za ng'ombe ili kuifukuza baridi. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloonyesha ukubwa wa mabadiliko yaliyofuata. Watu waliokuwa wakipiga kengele ili baridi iondoke walikuja kuishi kwa kuiuza.

Wageni walikuwepo kabla ya hapo, lakini wa kiangazi tu. St. Moritz ina chemchemi za maji ya madini zilizosifika tangu karne ya 16, na katikati ya karne ya 19 Waingereza wenye fedha walikuja kunywa maji hayo na kutembea milimani. Vuli ilipofika waliondoka, na hoteli zikafungwa hadi mwaka uliofuata.

Hapo ndipo anapoingia Johannes Badrutt, mwenye hoteli ya Kulm. Kisa kinachosimuliwa St. Moritz ni kwamba mwaka 1864, msimu ukikaribia kwisha, alikaa na wageni wachache kutoka Uingereza akawaambia kuwa majira ya baridi ya Engadin yana jua kali kiasi kwamba mtu anaweza kukaa nje bila koti. Hawakuamini. Akaweka dau: waje Krismasi, wasiporidhika atawalipia nauli ya kwenda na kurudi, na wakiridhika watakaa kwake bure kadiri watakavyo. Wakaja, wakivuka mlima kwa sleji za kukokotwa na farasi. Inasemekana walikaa hadi Pasaka, wakarudi London nyuso zimeiva kwa jua.

Kisa kama hiki hunogeshwa kila kinaposimuliwa upya, lakini jua lake ni la kweli. Engadin imezungukwa na milima mirefu inayozuia mawingu mengi ya mvua, hewa yake ni kavu, na theluji safi hurudisha angani sehemu kubwa ya miale inayoipiga. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua uso Desemba kwenye baridi chini ya sifuri. Fikiria London ya wakati ule, mji wa moshi wa makaa na ukungu, halafu mtu akuonyeshe anga la buluu siku ya Krismasi. Badrutt alikuwa ameelewa kwamba kinachomchosha mwenyeji kinaweza kuwa ndicho mgeni anachokitafuta.

Wakati huohuo, katika mji wa Davos ulio ng'ambo ya milima, daktari Alexander Spengler alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu kwa hewa ya mlimani, na wagonjwa wa kwanza wa majira ya baridi walifika huko mwaka 1865. Kwa hiyo baadhi ya waliokula Krismasi ya kwanza milimani walikuja kwa starehe, na wengine walikuja kwa sababu hawakujua kama wangeona Krismasi nyingine. Picha za utalii haziwataji hawa wa pili. Mimi naona ni haki watajwe.

Mambo yakaenda kasi. Badrutt aliona taa za umeme kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1878, naye akafunga za kwake hotelini, miongoni mwa za mwanzo kabisa Uswisi. Mwaka 1896 mwanawe Caspar alifungua hoteli ya Palace. Reli ya Albula, yenye madaraja na mahandaki ya kustaajabisha, ilifika St. Moritz mwaka 1904. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilikuja mwaka 1928 na tena 1948.

Ski zenyewe zilichelewa. Wageni wa mwanzo walicheza kwenye barafu na kuteleza kwa sleji. Ski zilitoka Norwei na zikaenea Alps mwishoni mwa karne ya 19. Kilichozifanya kuwa mchezo wa familia nzima ni lifti. Bila lifti, unapanda mlima kwa miguu nusu siku ili ushuke kwa dakika chache. Tarehe 24 Desemba 1934, mkesha wa Krismasi, lifti ya kukokota watu iliyobuniwa na mhandisi Ernst Constam ilianza kazi kwenye mteremko wa Bolgen, Davos. Siku hizi wiki ya Krismasi ni wiki ya kwanza kubwa ya msimu, na bei za vyumba huifuata.

Sisi pia tumo katika hadithi hii. Mashindano ya dunia ya ski yalipofanyika St. Moritz Februari 2017, Kenya iliwakilishwa na Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria. Mwaka uliofuata alishiriki Olimpiki ya Pyeongchang.

Na usiku wenyewe wa Krismasi? Kwa Waswisi sherehe ni jioni ya tarehe 24, nyumbani, kimya kimya. Mti huwashwa, katika nyumba nyingi kwa mishumaa halisi, na ndoo ya maji huwekwa karibu. Chakula cha familia nyingi ni fondue chinoise: nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, kila mtu anachovya yake kwenye sufuria ya supu inayochemka katikati ya meza. Mwenge, bendi na karamu ni mambo ya hotelini, kwa ajili ya wageni.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa na kwetu. Desemba Wachaga hupanda mlima kwa sababu kihamba, shamba la ukoo, kiko huko, na watu husema wanakwenda kuhesabiwa. Anayepanda ni mwenye mlima. St. Moritz anayepanda ni mgeni, na mwenye mlima yuko kazini, anaendesha lifti, anafundisha watoto, anapokea mizigo. Pamoja naye wako Wareno waliohamia Engadin kwa wingi, na Waitaliano wanaovuka mpaka kila alfajiri kuja kutandika vitanda na kuosha vyombo. Mapumziko yao huja msimu ukiisha, karibu na Pasaka. Ukienda, wasalimie na uache bakshishi ya maana. Wiki ya Krismasi ndiyo nzito kuliko zote kwao.

Siku hizi theluji ya Krismasi nayo haina uhakika, hasa sehemu za chini. Zaidi ya nusu ya miteremko ya ski Uswisi sasa inaweza kufunikwa kwa theluji ya mashine, maji yanayopulizwa hewani joto likishuka chini ya sifuri. Inatumia maji na umeme mwingi, na joto likizidi mashine hazisaidii kitu.

Kwa familia zinazouliza namna ya kuiona Krismasi hii bila kulipa bei za St. Moritz, jibu langu ni Bergün, kwenye reli ileile ya Albula. Barabara ya kutoka Preda hadi Bergün hufungwa kwa magari wakati wa baridi na kuwa njia ya sleji ya kilomita 6. Ukifika chini, treni inakurudisha juu. Sleji zinakodishwa hapohapo. Hakikisha kwanza kama njia imefunguliwa, vaeni viatu vya soli ngumu kwa sababu miguu ndiyo breki, na mwanze asubuhi kabla ya umati.