Nusukaputi: Huingiaje Mwilini, na Hutokaje?

Hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka 1926, na akina mama wengi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi wamejifungulia humo, wengine kwa kupasuliwa. Hata hivyo wako watu wanaoiogopa dawa ya usingizi kuliko kisu chenyewe, wakidhani kwamba hukaa mwilini maisha. Sivyo ilivyo.

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa uvimbe wa shingoni. Etha ilipatikana kwa kuchemsha spiriti pamoja na asidi ya salfa, kisha kuupoza mvuke wake hata ukawa maji. Baadaye wataalamu waliunda dawa nyingine kwa kuunganisha kemikali: lidokaini ya kutia ganzi, huko Uswidi mwaka 1943, na ketamini ya usingizi, huko Marekani mwaka 1962.

Dawa ya kuvutwa hurudi kwa njia iliyoingilia: sehemu kubwa hutoka mapafuni pamoja na pumzi. Ya sindano huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini. Ini huivunjavunja, na figo huyatoa mabaki katika mkojo. Aliyepewa ketamini huzinduka mapema kwa kuwa dawa imeondoka ubongoni na kuenea katika misuli na mafuta, lakini haijaisha mwilini. Ndiyo sababu mgonjwa huonywa asiendeshe gari wala asitie sahihi hati yoyote ya maana mpaka zipite saa 24.

Wasomaji, hatari iko katika siri. Aliyelala kwa dawa hawezi kukohoa. Chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni na kumwua. Kwa hiyo huamriwa asile muda wa saa 6 kabla ya kupasuliwa. Lakini mara nyingine ndugu mwenye huruma humpenyezea kikombe cha uji! Tena anywaye pombe sana, au atumiaye dawa yoyote, hata ya mitishamba, yampasa kumweleza daktari waziwazi, maana mambo hayo huweza kubadili kazi ya ini.

Basi ampendaye mgonjwa wake na amwache avumilie njaa ya saa chache, apate kurudi nyumbani salama.