Inchi Mbili za Nyuma

Mwenye pikapu anayetaka kuinua gari lake nyuma mara nyingi huwa na sababu moja: difu inagusa. Amepita njia iliyochimbwa na malori, magurudumu yakazama kwenye mifereji, na bonge la difu likalima tuta la katikati. Akifika gereji anashauriwa aongeze inchi mbili kwenye springi. Ushauri huo una faida zake, ila kwa difu haufui dafu. Gari lenye ekseli nzima nyuma, kama Toyota Hilux, limebeba difu ndani ya ekseli hiyo, na ekseli inasimama juu ya magurudumu, si juu ya springi. Ukiinua bodi kadiri utakavyo, difu inabaki pale pale. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, tena kwa nusu: tairi lililoongezeka kipenyo kwa milimita 50 huinua difu kwa milimita 25.

Inchi mbili, yaani milimita 50 hivi, zinanyanyua vilivyofungwa kwenye chasisi: bampa, tanki la mafuta, ekzosi, ngazi za pembeni. Chukua bampa lililo mita moja nyuma ya pale tairi linapogusa ardhi, na nusu mita kutoka chini. Pembe ya kutokea korongoni bila kuburuta mkia ni nyuzi 27 hivi. Inua bampa hilo sentimita tano, inakaribia nyuzi 29. Nyuzi mbili tu, lakini kwa anayevuka makorongo makavu kila wiki hizo ndizo zinazookoa bampa. Tairi kubwa kidogo nalo linapata nafasi ya kuzunguka bila kusugua matao ya bodi, na gari lililopakiwa haliburuti tumbo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Egesha gari mahali tambarare, chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi juu yake, kushoto na kulia, likiwa tupu kisha likiwa na mzigo wake wa kila siku. Usipimie kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Gari lililobeba magunia miaka kumi mara nyingi limekaa nyuma, na anachohitaji mwenyewe ni kurudishiwa kimo chake cha awali, si kuongezewa kipya. Wapo mafundi wanaokunja upya springi zilizolala kwa kuzipasha moto wa gesi hadi ziwe nyekundu. Zinarudi na umbo zuri, na baada ya muda zinalala tena. Chuma cha springi kilipata uhodari wake kiwandani kwa kupozwa ghafla kikiwa cha moto, kisha kupashwa tena kwa joto la kadiri. Moto wa mtungi wa gesi unafuta kazi yote hiyo.

Jinsi springi inavyofanya kazi ilielezwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo inaoubeba. Mzigo ukiongezeka mara mbili, mbonyeo nao huongezeka mara mbili. Kwa hiyo gari linainuliwa kwa kanuni mbili tu. Ama springi ifanywe ngumu au ya upinde mkubwa zaidi, ama iachwe ilivyo na kubadilishwa mahali inapofungwa. Kila kinachouzwa madukani, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, kinaangukia humo.

Njia ya kwanza ni kuongeza bapa. Springi za nyuma za Hilux ni vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati. Fundi anaingiza kimoja zaidi, chenye upinde mkubwa, nacho kinasukuma vingine juu. Penye mabapa matano yanayofanana, la sita linaongeza ugumu kwa asilimia 20. Lakini unene ndio wenye usemi mkubwa, kwa sababu ugumu wa bapa hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Bapa la milimita 8 ni gumu kuliko la milimita 6, yakiwa na urefu na upana sawa, kwa zaidi ya mara mbili. Anayebeba saruji au madumu ya maji kila siku atafurahi. Anayeendesha gari tupu kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo ataona mkia ukirukaruka na kukimbilia pembeni kwenye kona, maana tairi lililo hewani halishiki barabara wala halisaidii breki.

Njia ya pili ni bloku: kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi, kisha vyote vikafungwa kwa yubolti ndefu zaidi. Bloku ya milimita 50 inainua milimita 50 kamili, na springi inabaki na ulaini wake. Inawezekana tu pale springi zinapopita juu ya ekseli, kama kwenye Hilux. Gharama yake inaonekana kwenye mlima. Katika gia ya kwanza ya lo, nguvu ya kusokota inayotoka kwenye injini inaweza kuzidishwa mara 40 hivi kabla ya kufika kwenye magurudumu. Gurudumu linaposukuma ardhi kwenda nyuma, ekseli nayo inataka kujiviringisha upande wa pili, na kinachoizuia ni springi peke yake. Ukichungulia chini wakati huo utaona bapa refu limejikunja mithili ya herufi S. Bloku inaizidishia ekseli nguvu juu ya springi, kama mpini mrefu unavyoizidishia spana. Kwa bloku fupi ya chuma imara madhara ni madogo. Bloku ndefu, au mbili zilizopandanishwa, ni hatari, na kwenye ekseli ya mbele inayokata kona bloku isiwekwe kabisa.

Njia ya tatu ni kurefusha kiungo cha nyuma, kile kinachobembea kati ya ncha ya springi na chasisi. Hapa wanunuzi wengi wanapigwa na hesabu. Ncha ya mbele ya springi haisogei, na ekseli iko karibu na katikati, kwa hiyo kiungo kilichorefushwa milimita 50 kinainua gari kama milimita 25. Springi nzima pia inainama upande wa nyuma. Kama ina urefu wa milimita 1,300 kutoka jicho hadi jicho, mwinamo huo unazidi kidogo nyuzi 2, na pua ya difu inaelekea juu kwa kiasi hicho hicho.

Nyuzi mbili zinasikika ndogo hadi ufike kwenye jointi za propela, ile shafti inayozungusha difu, na hapo Hooke anarudi, kwani jointi ya msalaba nayo aliichunguza. Jointi hiyo ikipinda haizungushi kwa kasi moja. Ikipinda nyuzi 10, upande wa pili unakwenda mbio kisha unachelewa kwa asilimia 1.5 hivi, mara mbili kila mzunguko. Watengenezaji hulimaliza tatizo kwa jointi ya pili iliyopinda kwa pembe sawa, ili kosa la moja lifutwe na la nyingine. Bloku iliyo sambamba inaongeza pembe zote mbili kwa pamoja, na usawa unabaki. Kiungo kirefu hakizibadilishi kwa kiasi sawa. Mtikisiko unaosikika sakafuni kwa kilomita 80 kwa saa, ambao wengi wanausingizia matairi, mara nyingi unatoka hapo.

Njia ya nne ni seti mpya ya springi, iliyokunjwa kiwandani kwa kimo na mzigo unaotajwa. Ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo pekee inayomlazimisha mnunuzi kujibu swali la msingi: gari hili hubeba kilo ngapi siku za kawaida? Seti iliyotengenezwa kubeba kilo 500 muda wote, ikifungwa kwenye gari linalobeba mtu na mbwa wake, itasimama juu kupita kiasi na kurusha abiria.

Wenye springi za koili, kama Suzuki Jimny, wana kazi nyepesi zaidi. Koili ndefu kidogo au spesa juu ya koili inatosha, na spesa haibadilishi ugumu.

Njia yoyote iwayo, inchi mbili zinagusa mengine. Shokapu fupi itafika mwisho wa urefu wake kabla ya springi, na kila gurudumu likining'inia itavutwa hadi ing'oke. Mpira wa breki nao uwe na ziada. Hilux nyingi za miaka ya nyuma zina fimbo inayounganisha ekseli na vali ya breki kwenye chasisi. Mkia ukiinuka, vali inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, hata kama umebeba tani, kwa hiyo fimbo hiyo irekebishwe. Kwa gari lenye milimita 3,085 kati ya ekseli na ekseli, kuinua nyuma peke yake kwa milimita 50 kunaliinamisha mbele karibu nyuzi 1. Taa zinamulika karibu zaidi, na usukani unapungukiwa na tabia ya kujirudi katikati. Kitovu cha uzito nacho kimepanda, kwa hiyo kona za lami zipigwe kwa adabu.

Gari linalobeba mzigo kila siku lipewe springi mpya na shokapu zake, au bapa moja la ziada kama fedha haitoshi. Linalotembea tupu na linataka sentimita mbili tatu tu lipewe bloku fupi, na yubolti ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Kiungo kirefu kiachiwe anayejua kupima pembe za propela. Na ambaye shida yake ni difu kugusa, fedha yake aipeleke kwenye matairi.