Kibali cha kazi kwa wakimbizi nchini Kenya

Kibali cha kazi kwa wakimbizi nchini Kenya ni idhini inayotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mtu aliyetambuliwa kisheria kuwa mkimbizi, ili aweze kuajiriwa, kufanya biashara au kutumia taaluma yake nchini humo. Vibali vya kazi vya Kenya hupangwa kwa herufi, na hiki huitwa kibali cha daraja M. Hutolewa bila ada, tofauti na kibali cha daraja D cha wageni wengine walioajiriwa, ambacho hulipiwa ada kubwa.

Ingawa hakilipiwi, wakimbizi wengi hawana kibali hiki. Sheria inawapa haki ya kufanya kazi, lakini njia ya kuifikia haki hiyo inapitia hati kadhaa, na kila hati ina masharti yake.

## Anayestahili

Ni lazima kutofautisha makundi mawili. *Mwomba hifadhi* ni mtu aliyefika nchini na kujiandikisha, lakini ombi lake la kutambuliwa bado linachunguzwa. *Mkimbizi* ni yule ambaye ombi lake limekubaliwa. Kibali cha daraja M kinamhusu mkimbizi pamoja na mume au mke wake. Mwomba hifadhi hana budi kusubiri uamuzi kwanza, na uchunguzi huo unaweza kuchukua miaka.

## Historia

Kabla ya mwaka 1991 Kenya ilikuwa na wakimbizi wachache, wengi wao kutoka Uganda. Waliishi mijini na vijijini kati ya wenyeji, na baadhi yao walifanya kazi za ualimu na udaktari.

Hali ilibadilika serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita kuendelea Sudan. Mamia ya maelfu ya watu waliingia kwa muda mfupi. Kambi za Dadaab, katika Garissa ya leo, zilianza mwaka 1991, na ya Kakuma, Turkana, ilianza mwaka 1992. Tangu hapo wakimbizi walitakiwa kukaa kambini, na kazi ya kuwaandikisha na kuwachunguza ilifanywa zaidi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Sheria ya kwanza ya Kenya inayohusu wakimbizi peke yao ilipitishwa mwaka 2006.

## Msingi wa kisheria

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1966. Kifungu cha 17 cha mkataba huo kinaitaka nchi impe mkimbizi, katika kazi ya ajira, nafasi isiyopungua ile bora inayopewa raia wa nchi nyingine yoyote. Kinasema pia kwamba vizuizi vinavyowekwa kulinda ajira za wenyeji visitumike kwa mkimbizi aliyeishi nchini miaka mitatu, wala kwa yule mwenye mume, mke au mtoto aliye raia. Kifungu cha 18 kinahusu kujiajiri na cha 19 kinahusu taaluma.

Ndani ya Kenya kuna sheria tatu za kuzingatia:

* Sheria ya Wakimbizi ya 2006 iliruhusu wakimbizi kuajiriwa, lakini kwa masharti yaleyale yanayowabana wageni wengine.
* Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, pamoja na kanuni zake, ndiyo msingi wa madaraja ya vibali, likiwemo daraja M.
* Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ilichukua nafasi ya ile ya 2006. Inasema wazi kwamba mkimbizi ana haki ya kuajiriwa, kufanya biashara au kutumia taaluma, peke yake au katika kikundi, mradi sifa zake zitambuliwe na mamlaka husika za Kenya.

## Utaratibu wa kuomba

Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao katika mfumo wa Idara ya Uhamiaji. Kwa kawaida mwombaji huambatanisha:

1. fomu ya maombi iliyojazwa, pamoja na picha;
2. nakala ya kadi ya mkimbizi au hati ya kutambuliwa;
3. barua ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi inayothibitisha hadhi yake;
4. barua ya mwajiri inayoeleza kazi anayopewa, au maelezo ya biashara kwa anayejiajiri;
5. vyeti vya elimu na vya ujuzi.

Nyaraka zilizoandikwa kwa lugha nyingine zinapaswa kuwa na tafsiri ya Kiingereza. Sharti hili huwagusa hasa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, ambao vyeti vyao viko kwa Kifaransa. Kibali hutolewa kwa muda maalumu na huhuishwa kabla muda huo haujaisha.

Kibali cha kazi hakichukui nafasi ya leseni. Mwenye duka au kinyozi bado anahitaji leseni ya biashara ya kaunti. Mwalimu lazima asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu, na muuguzi lazima asajiliwe na baraza la taaluma yake.

## Vikwazo

Barua ya mwajiri. Mwajiri hutaka kuona kibali kabla ya kutoa kazi, nayo Idara ya Uhamiaji hutaka barua ya mwajiri kabla ya kutoa kibali. Anayeweza kuvunja mzunguko huu ni mwajiri aliye tayari kuandika barua na kusubiri, na wengi hawasubiri.

Vyeti. Aliyekimbia usiku hakubeba shahada. Kumwandikia mkuu wa chuo katika nchi aliyoikimbia kunaweza kumhatarisha yeye au ndugu zake waliobaki. Bila cheti ni vigumu sifa zake kutambuliwa.

Umbali. Anayeishi kambini huhitaji hati ya ruhusa ili atoke, hata kwa ajili ya usaili wa kazi mjini. Mnamo Julai 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la serikali la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini, ikisema linakiuka Katiba. Hata hivyo sharti la ruhusa ya kutoka kambini liliendelea.

Kazi za posho. Kambini wakimbizi hufundisha, huhudumu zahanati na hutafsiri kwa niaba ya mashirika. Huhesabiwa kama watu wa kujitolea, na hupewa posho iliyo ndogo sana kuliko mshahara wa Mkenya anayefanya kazi hiyohiyo. Kazi hizi hazidai kibali, wala hazimpi anayezifanya hadhi ya mwajiriwa.

## Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inawafungulia raia wa nchi wanachama nafasi ya kufanya kazi katika nchi nyingine za Jumuiya, ingawa kila nchi huitekeleza kwa kiwango chake. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Hivyo wakimbizi wengi walioko Kenya wanatoka nchi wanachama.

Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa aina hiyo kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili anufaike na haki za Jumuiya. Uamuzi huu ni mzito. Anayetumia pasipoti ya nchi yake anahesabika kuwa amerudi chini ya ulinzi wa serikali yake, na anapoteza kinga ya kutorudishwa anayoipata kama mkimbizi. Kwa aliyekimbia serikali hiyohiyo, kazi rahisi kupatikana inaweza kumgharimu usalama.

## Umuhimu wa kibali

Mwenye kibali anaweza kusaini mkataba, kulipwa kupitia benki, kulipa kodi, na kwenda kwenye ofisi ya kazi akidhulumiwa. Kufanya kazi bila kibali ni kosa linaloweza kuleta faini au kifungo. Kwa sababu hiyo, mfanyakazi asiye na kibali huogopa kushtaki hata anyimwe mshahara wa miezi kadhaa, na mwajiri asiye mwaminifu huitumia hofu hiyo.

Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kugeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko kwa pamoja.

## Nchi jirani

Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inatambua haki ya mkimbizi ya kupata ajira, na huwapa wakimbizi wengi mashamba katika makazi maalumu. Nchini Tanzania, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inaruhusu mkimbizi kupewa kibali cha kazi, lakini sharti la kuishi kambini linawafanya wengi wasifikie ajira nje ya kambi.