Kabla ya kubadilisha klachi nzima, itazameni silinda ya chini

Gari linapokataa kuingia gia, hukumu ya kwanza inayotolewa mtaani ni moja: klachi imekwisha. Hukumu hiyo ina gharama. Kubadilisha klachi nzima maana yake ni kushusha giaboksi, kununua sahani, presha pleti na beringi, kisha kulipia kazi ya siku nzima au zaidi. Kwa familia yenye gari moja la umri mkubwa, fedha hizo hutoka mahali palipokwisha kupangiwa jambo jingine: ada ya shule, kodi ya nyumba, au dawa za mzazi. Ndiyo maana tumeona inafaa kukizungumzia kifaa kimoja kidogo, cha ukubwa wa kiganja, ambacho mara nyingine ndicho kinachougua ilhali lawama huiangukia klachi. Kifaa hicho ni silinda ya chini ya klachi.

Kazi ya silinda hiyo

Dereva anapokanyaga pedali, mguu wake hauisukumi klachi moja kwa moja. Pedali husukuma pistoni iliyomo katika silinda ya juu, ambayo hufungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Mafuta ya breki husukumwa kupitia paipu hadi silinda ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Pistoni ya huko husukuma fimbo, fimbo husukuma uma, nao uma huitenga klachi na injini ili gia iingie bila kelele.

Kanuni yenyewe ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo linalotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Silinda ya juu ikiwa na kipenyo cha milimita 16 na ya chini milimita 20, nguvu inayofika chini huwa takriban mara 1.56 ya ile iliyoingia juu, lakini mwendo wa pistoni hupungua kwa uwiano huohuo. Mwendo unaobaki ni wa kuhesabiwa kwa milimita. Raba ya pistoni ikichakaa na mafuta yakavuja, au upepo ukaingia ndani, mwendo huo mdogo hupotea na klachi haiachii.

Kuutambua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa

Hivi karibuni tulishiriki kulitengeneza gari la familia moja ya jirani, pikapu kongwe ambayo baba wa nyumba huitegemea kwa riziki. Sisi si mafundi. Kazi tuliyoizoea ni ya kalamu na daftari la mihtasari. Fundi mmoja aliyelisikiliza gari hilo barabarani alishauri klachi nzima ibadilishwe. Hatukumtuhumu, kwani hakuwa amepata nafasi ya kuingia chini ya gari. Tuliomba tu subira ya asubuhi moja.

Dalili zilikuwa hizi. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziliingia kwa ulaini. Injini ikiwaka, gia ya kwanza iligoma na ya nyuma ilisaga meno. Pedali ilikuwa nyepesi, nayo ilizama hadi sakafuni. Mafuta katika kikopo cha klachi yalikuwa yamepungua. Tulipoifunua raba ya vumbi iliyo mdomoni mwa silinda ya chini, mafuta yalichuruzika. Hapo shauri likawa limekwisha.

Ndugu msomaji, ni vema kuzitofautisha dalili hizi na nyingine. Injini ikipiga kelele kwa kasi ilhali gari halivuti, hasa mlimani, na harufu ya kuungua ikasikika, hapo sahani ya klachi ndiyo inayoteleza, na silinda haina kosa. Mafuta yakionekana ndani ya gari, kwenye fimbo ya pedali au juu ya zulia, mgonjwa ni silinda ya juu. Hali kadhalika, pedali ikizama polepole bila kuwapo uvujaji wowote wa nje, silinda ya juu ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Aidha, si kila gari linafaa kutengenezwa nyumbani. Yapo yanayotumia waya badala ya mafuta. Yapo mengine, kama Ford Focus, ambayo silinda yake ni ya mviringo na imekaa ndani ya nyumba ya klachi. Kuifikia ni lazima giaboksi ishuke. Hayo tuwaachie mafundi. Tunayoyaeleza hapa yanahusu magari ambayo silinda yake iko nje, nayo aghalabu hushikwa na bolti mbili.

Kazi yenyewe

Usalama ndio wa kwanza. Gari liwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na tairi zinazobaki chini ziwekewe vizuizi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kutegemewa na mtu aliyelala chini ya gari. Likishanyanyuliwa, gari likalie stendi madhubuti za chuma. Matofali ya saruji yasitumike kabisa, maana hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Watoto wakae mbali, na anayefanya kazi avae miwani ya kukinga macho.

Safisha kwanza matope yaliyoizunguka silinda, kwa kuwa chembe ya mchanga ikiingia ndani itaikwaruza raba mpya. Legeza nati ya paipu kabla ya kufungua bolti, wakati silinda ingali imeshikwa imara. Itumike spana maalumu ya nati za paipu, inayozunguka karibu pande zote. Spana ya mdomo wazi huzila kona za nati hizo laini. Ziba ncha ya paipu, kisha fungua bolti na uitoe silinda. Pedali isikanyagwe wakati huo.

Weka silinda mpya kando ya ile ya zamani na uzilinganishe: kipenyo, tundu la paipu, nafasi za bolti na urefu wa fimbo. Spea inayofanana kwa sura tu haitoshi. Paka grisi kidogo kwenye ncha ya fimbo inayogusa uma. Wakati wa kufunga, anza kuizungusha nati ya paipu kwa vidole kabla ya kukaza bolti, ili nyuzi zake zisipishane.

Kuhusu mafuta, fuata maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha kikopo, ambayo mara nyingi hutaja DOT 3 au DOT 4. Tumia chupa mpya ambayo haijafunguliwa, kwani mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za sentigredi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. DOT 5 ni ya silikoni, wala haichanganywi na hizo.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, na hapa ndipo subira hupimwa. Katika pikapu ile, mama wa nyumba alikaa kwenye usukani na mumewe akawa chini. Sisi tulishika tochi na kuchunga kikopo kisiishiwe mafuta. Mpira mwembamba unaoonesha ndani ulivikwa kwenye nipeli, na ncha yake ikazamishwa katika kopo lenye mafuta kidogo.

"Mama, kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nipeli ikafunguliwa, mapovu yakatoka, ikafungwa.

"Achia."

"Nimeachia."

Sharti ni moja: pedali isiachiwe kabla nipeli haijafungwa, ama sivyo upepo utavutwa tena ndani. Walirudia hivyo kwa muda mrefu, hadi mapovu yakakoma na mama akasema kwamba sasa pedali inamsukuma mguu. Injini ilipowashwa, gia ya nyuma iliingia kimya. Giaboksi haikushushwa, na fedha za ada ya muhula hazikuguswa.

Baada ya kazi

Mafuta ya breki ni sumu, na familia zizingatie hili kuliko yote tuliyoyataja. Yasihifadhiwe katu katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hatajua tofauti. Yabaki katika chupa yake yenye lebo, mahali pa juu palipofungwa. Machafu yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Yapelekwe gereji inayokusanya mafuta yaliyotumika. Yakidondokea rangi ya gari, yaoshwe upesi kwa maji mengi, maana huibambua.

Kesho yake asubuhi, kabla ya safari, tazama tena chini ya gari na katika kikopo. Kiwango kikiwa kimeshuka, safari isubiri. Baadhi ya magari hutumia kikopo kimoja kwa klachi na breki, na hapo uvujaji wa klachi unaweza kuwa hatari kwa breki pia. Mambo yakiwa salama, andika katika daftari la gari tarehe na kilomita zilizosomeka, na baada ya miaka 2, Inshallah, mafuta hayo yabadilishwe tena.