NJIA NI YA WOTE: SHOFA, MWENYE KINGA NA MWENYE CHUKUDU



Kazini tunafundishwa kuvaa kofia ngumu na viatu vya usalama, na kutazama jiwe la juu kabla ya kuingia. Lakini hatari haituagi kwenye lango la mgodi, inatufuata mpaka barabarani. Mguu unaovunjwa na gari saa kumi na mbili asubuhi ni mguu uleule uliotakiwa kazini saa moja. Na mtoto anayetumwa maji kwa kinga hana kofia wala msimamizi. Kwa hiyo mara hii ukurasa wetu unatoka nje ya mgodi, unaingia njiani.

Ugomvi tunaousikia kila siku

Simama kidogo kando ya barabara yoyote kubwa ya Goma asubuhi. Utaona kamyo, taksi, pikipiki, kinga zenye bidoni za maji, na chukudu zinazoshuka kutoka Kibumba na makala, viazi na kabichi. Wote wanataka kupita mahali pamoja.

Shofa analalamika: «Hawa wa kinga na chukudu wanazunguka katikati ya njia. Nikipiga honi hawasogei. Nikiwagonga, mimi ndiye nitakayelipa.»

Mwenye kinga anajibu: «Nisogee wapi? Pembeni kuna mawe ya volkeno, mchanga, mitaro na meza za biashara. Gari limesimama pale pale nilipotaka kupita. Nikitoka nje ya lami, naanguka. Nikibaki, natukanwa.»

Nani ana haki? Kila mmoja ana sehemu yake ya haki, na ndiyo sababu ugomvi hauishi. Matusi hayapanui barabara. Tutazame kwanza mambo yenyewe yalivyo.

Chukudu si mchezo

Chukudu ni mali ya Kivu. Imechongwa kwa mbao ngumu, magurudumu yake yamezungushiwa mpira wa gari la zamani, na inaweza kubeba kilo 300 au 400, hata zaidi. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa chukudu. Mji wenyewe umeipa heshima ya sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu.

Lakini shofa akumbuke jambo moja. Breki ya chukudu ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mzigo wa kilo 300 ukishuka mlima hausimami kwa kipande hicho ghafla. Ukimkatia njia mwenye chukudu ukidhani atasimama, umemwomba kitu asichoweza kukupa.

Gari nalo halisimami mara moja

Mwenye kinga naye akumbuke jambo lake. Shofa akiona hatari, sekunde moja hivi hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukimbia mita 17 katika sekunde hiyo moja. Halafu breki nazo zinataka nafasi, kama mita 20 kwenye lami kavu na kwa breki nzima. Jumla ni mita 37. Kwa kilomita 30 kwa saa, jumla ni mita 13 tu.

Angalieni vizuri: mwendo umepungua nusu, lakini umbali wa kusimama umepungua karibu mara tatu. Kamyo yenye mzigo, mvua, au vumbi la volkeno juu ya lami huongeza mita hizo. Mwili wa mtu nao una kipimo chake. Anayegongwa kwa kilomita 30 kwa saa mara nyingi hupona. Anayegongwa kwa kilomita 80 kupona kwake ni bahati kubwa sana.

Tena, shofa wa kamyo haoni kila kitu. Hamwoni aliye karibu sana mbele ya bampa, wala aliye ubavuni karibu na gurudumu la nyuma. Kamyo ikikata kulia, gurudumu la nyuma hupita ndani zaidi kuliko la mbele, na hapo ndipo mwenye kinga aliyejipenyeza hubanwa. Na kwa sababu sisi tunapita upande wa kulia, gari lenye usukani wa kulia humficha shofa njia ya mbele anapotaka kulipita gari lingine. Shofa wa namna hiyo anatakiwa subira mara mbili.

Njia ya baiskeli ni nini?

Katika miji mingine wamejenga njia ya peke yake kwa baiskeli, pembeni ya barabara kubwa. Alama yake ni duara la buluu lenye picha nyeupe ya baiskeli. Maana yake ni kwamba mwenye baiskeli apite hapo, na gari lisiingie wala kusimama hapo.

Nairobi ilipopanua barabara ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, iliwekewa njia za waendao kwa miguu na za baiskeli. Dar es Salaam nayo, katika barabara za mabasi yaendayo haraka yaliyoanza mwaka 2016, ilijenga njia kama hizo pembeni. Je, ugomvi uliisha? Haukuisha wote. Bodaboda huingia katika njia ya baiskeli kukwepa msongamano, mwenye biashara hupanga nyanya zake hapo, gari huegeshwa hapo. Mwenye baiskeli akiona njia imezibwa hurudi barabarani, na shofa humkemea: «Wewe una njia yako, umefuata nini huku?» Kumbe njia yake imekaliwa na mwenzake shofa. Ni maneno yaleyale ya Goma. Njia bila nidhamu ni rangi tu juu ya lami.

Majirani zetu wa Bujumbura walichukua dawa nyingine. Mwezi wa Machi 2022 serikali ilikataza baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria kuingia katikati ya mji, ikitaja ajali. Ajali ni jambo la kweli, lakini dawa hiyo ilikata pia mkate wa wale walioishi kwa usukani huo.

Tusidhani kwamba Wazungu walizaliwa na njia za baiskeli. Uholanzi, mwaka 1971, watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, wakiwemo watoto wengi. Wazazi waliandamana na kufunga mitaa. Serikali ikaanza kujenga njia za baiskeli na kupunguza mwendo wa magari mitaani. Miaka hii wanaokufa huko ni chini ya 800 kwa mwaka, ingawa magari yameongezeka sana.

Sisi tufanye nini leo?

Mji wetu una shida zake. Volkeno ya Nyiragongo ilifunika mitaa mwaka 2002, na mwaka 2021 ikakata barabara ya kwenda Rutshuru. Hatuwezi kungoja njia ya baiskeli ijengwe ndipo tuanze kulindana. Kuna mambo yasiyotaka saruji.

Shofa:
– Ukimpita mwenye kinga au chukudu, mwachie mita moja na nusu. Kama nafasi haipo, ngoja nyuma. Utapoteza dakika moja.
– Usipige honi ukiwa mgongoni pake. Mtu anayeshtuka huangukia upande wa gari.
– Usiegeshe gari pembeni mahali wanapopita wenye kinga.
– Kabla ya kufungua mlango, tazama nyuma.

Mwenye kinga na mwenye chukudu:
– Pita kulia, mmoja nyuma ya mwingine, bila kuyumbayumba.
– Usijipenyeze kuliani mwa kamyo inayotaka kukata kona.
– Usishike kamyo nyuma ili ikuvute mlimani. Ikifunga breki, wewe ndiye breki.
– Usiku weka taa, au angalau nguo nyeupe na kioo chekundu nyuma.
– Kagua breki kila asubuhi kama unavyokagua taa ya mgodini.

Mwenye pikipiki: kofia ni ya kichwa, si ya kutundika kwenye usukani. Mpe abiria yako naye kofia.

Mama na baba: mtoto asitumwe na bidoni mbili kwenye kinga ambayo miguu yake haifiki chini.

Ajali ikitokea

1. Kwanza simamisha magari, ili msigongwe wote.
2. Usimwinue majeruhi kwa haraka, wala usimkalishe. Shingo yaweza kuwa imevunjika. Aondolewe tu kama kuna hatari pale alipo, na kichwa kishikwe sawa na mwili.
3. Damu ikitoka sana, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia.
4. Mguu au mkono uliovunjika ufungwe pamoja na ubao jinsi ulivyo. Usiunyooshe.
5. Usimpe maji, chakula wala pombe.
6. Mchubuko wa mawe ya volkeno uoshwe kwa maji mengi safi na sabuni mpaka changarawe zitoke, kisha njoo uulize sindano ya pepopunda.

Aliyegongwa kichwa anaweza kuinuka, kucheka na kwenda nyumbani. Msimwache peke yake siku ile na usiku wake. Akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida, akiumwa kichwa kinachozidi, akichanganya maneno au akishikwa na degedege, mpelekeni hospitali saa ileile. Msingoje asubuhi, kwa kuwa damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu.

Na jambo la mwisho: msimpige shofa. Watu wakianza kupigana, majeruhi husahauliwa, na mwenye gari, ambalo lingeweza kumfikisha kwa mganga, hukimbia kuokoa roho yake.

Ndugu zangu, leo wewe ni shofa wa kamyo ya kampuni. Kesho ndugu yako mdogo anashuka Kibumba na chukudu, na mtoto wako anapita na kinga. Ukimpa mwingine nafasi njiani, umempa mtu wa nyumbani kwako. Wazee walisema: kawia ufike.