Silaha ya Chura wa Kusini mwa Afrika

Adui wa askari si risasi peke yake. Jeraha lililoingiwa na bakteria laweza kumwangusha aliyenusurika vitani. Mwaka 2019 bakteria sugu kwa dawa walisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani, nao hawasimami mpakani kuonyesha pasi. Ndiyo sababu habari ya chura mmoja wa kusini mwa bara letu yastahili kuzingatiwa.

Chura huyo ni Xenopus laevis. Mtafiti wa Marekani, Michael Zasloff, aliona kuwa vyura wake waliopasuliwa na kurudishwa katika maji yasiyo safi walipona bila kutunga usaha. Mwaka 1987 alitangaza kuwa ngozi yao ina kinga iitwayo magainini: mnyororo mfupi wa asidi amino 23, wenye chaji chanya.

Ndani ya maji, chaji zinazofanana husukumana. Hivyo mnyororo huelea umelegea, bila umbo maalumu. Utando wa bakteria una chaji hasi nyingi, nao huuvuta. Ukishaugusa, mnyororo hujisokota kama springi: upande wenye chaji huelekea majini, na upande unaokimbia maji huzama katika mafuta ya utando. Minyororo mingi ikikusanyika, utando hutoboka na bakteria hufa. Uso wa seli zetu hauna chaji hasi nyingi kiasi hicho, na kwa sehemu kubwa husalimika.

Lakini chaji peke yake haitofautishi rafiki na adui. Melitini ya sumu ya nyuki, yenye asidi amino 26, nayo ina chaji chanya. Katika maji yenye chumvi haba kila mnyororo hukaa peke yake. Chumvi ikizidi, msukumano hufifia, na minyororo minne hujisokota na kushikamana. Melitini hupasua hata seli za damu yetu.

Kwa hiyo wanaounda polima za namna hii hawana budi kupima kwa uangalifu chaji na sehemu inayokimbia maji. Kazi hiyo si nyepesi: mwaka 1999 Marekani ilikataa kuidhinisha pexiganani, dawa iliyotokana na magainini.

Basi, silaha mpya ingali ikifuliwa. Wajibu wa kila askari ni kuzitunza zilizopo: kusafisha jeraha mapema, na kutumia dawa kama alivyoagiza daktari. Dawa ikipotezwa makali, hasara ni yetu na ya majirani zetu.